KUMSIKILIZA MTUMIAJI KABLA YA KUMLAUMU
Fikra za usanifu na usalama wa fedha za simu katika pwani ya Kilwa

Utangulizi

Kwa karne kadhaa kabla ya Wareno kufika pwani yetu, masultani wa Kilwa Kisiwani walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Upande mmoja uliandikwa jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Maandishi ya pande hizo mbili yalipatanishwa kwa vina. Mchuuzi aliyepewa sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, aliweza kuishika, kuigeuza na kuitazama. Fedha yenyewe ilichukua alama ya ukweli wake.

Leo, katika Kilwa Masoko, Kivinje, Somanga au Songosongo, fedha huweza kumfikia mtu kama maandishi katika kioo cha simu. Maandishi hayo hayashikiki wala hayana mlio wa shaba, na tapeli aliye mbali aweza kuandika yanayofanana nayo neno kwa neno. Je, mpokeaji amepewa alama gani ya kumwezesha kutenganisha ya kweli na ya uongo?

Katika makala haya tutaeleza njia moja ya kulitafutia swali hilo jibu. Njia hiyo huitwa fikra za usanifu, na shabaha yake ni kugundua mahitaji ya watumiaji ambayo bado hayajatimizwa, hata yale ambayo wenyewe hawajapata kuyataja.

Je, mtumiaji ni mzembe?

Mtu anapoibiwa fedha zake kwa njia ya simu, maneno ya kwanza anayoyasikia mara nyingi ni lawama: "Kwa nini ulitoa namba yako ya siri? Hukuonywa?" Lawama hiyo ina kasoro ya kisayansi, kwani huchukua kanuni kuwa sahihi daima, na mwanadamu kuwa ndiye mwenye kosa.

Wataalamu wa fani hii waliliona jambo hilo zamani. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwanaisimu Mholanzi aliyefanya kazi Ufaransa, alitoa kanuni sita za maandishi ya siri ya kijeshi. Kanuni ya mwisho yasema kwamba mfumo uwe rahisi kutumia, usimchoshe mtu akili wala kumtaka akumbuke orodha ndefu ya masharti. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa Marekani waliorodhesha misingi ya kulinda habari katika kompyuta, na mmojawapo ulikuwa kwamba ulinzi ukubaliane na jinsi mtumiaji anavyofikiri.

Ushahidi wa majaribio ulifuata. Mwaka 1999 Alma Whitten na J. D. Tygar waliwapa watu 12 programu ya kufunga barua za kompyuta kwa siri, na muda wa dakika 90. Ni theluthi moja tu waliofaulu kutia sahihi na kufunga barua ipasavyo, ingawa programu yenyewe ilisifiwa kwa urahisi wake. Mwaka huo huo Anne Adams na Martina Angela Sasse, wakichunguza matumizi ya maneno ya siri kazini, walieleza kwamba watu waliovunja kanuni hawakuwa wapuuzi. Kanuni zenyewe hazikulingana na kazi waliyotakiwa kuifanya.

Hapo ndipo lilipo fundisho letu kuu. Watu wengi wanapoivunja kanuni ile ile kwa namna ile ile, huenda wanatuonyesha haja ambayo mfumo umeisahau. Kwa hiyo mtafiti asianze na lawama. Aanze na swali: mtu huyu alikuwa akijaribu kufanya nini?

Fikra za usanifu ni nini?

Mwaka 1969 Herbert Simon, katika kitabu chake juu ya sayansi ya vitu vilivyotengenezwa na binadamu, alisema kwa maana hii: kila anayebuni hatua ya kuibadilisha hali iliyopo iwe hali inayopendelewa ni msanifu. Wafuasi wa fikra hiyo huigawa kazi katika hatua tano, nazo ni hizi:

(a) Kumwelewa mtumiaji, kwa kumtazama na kumsikiliza mahali anapoishi na kufanya kazi.
(b) Kulifafanua hitaji lake kwa sentensi moja iliyo wazi.
(c) Kubuni njia nyingi za kulitimiza, bila kuing'ang'ania ya kwanza.
(d) Kuunda sampuli ya bei nafuu, hata ya karatasi.
(e) Kuijaribu sampuli kwa watumiaji wenyewe, kisha kurudi nyuma na kusahihisha.

Hatua hizi si ngazi ya kupanda mara moja. Jaribio huweza kumrudisha mtafiti mwanzo kabisa.

Mfano mzuri tunao Afrika Mashariki. Mwezi Oktoba 1995 ulipopita miaka kumi, yaani Oktoba 2005, majaribio ya M-Pesa yalianza nchini Kenya, Thika ikiwa miongoni mwa sehemu zilizochaguliwa, kwa wateja wasiozidi 500. Shabaha ilikuwa kuwawezesha wakopaji kurudisha mikopo yao kwa simu. Lakini waanzilishi walipowatazama wateja, waliona kwamba walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao, na wengine wakiziweka humo ili zisiibiwe njiani. Huduma ilipofunguliwa kwa umma mwaka 2007, kutuma fedha nyumbani ndiko kulikokuwa kiini chake; Tanzania iliipata mwaka 2008. Lau wateja wale wangeambiwa kwamba wanatumia huduma vibaya, hitaji lenyewe lisingeonekana.

Mfano wa kujifunzia: mvuvi wa pweza

Sasa tuzitumie hatua hizo katika usalama. Mtu tutakayemweleza ni wa kubuni, lakini mazingira yake ni ya pwani hii. Tumchukue mama wa makamo wa Kilwa. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, yeye hushuka miambani kutafuta pweza. Mnunuzi wake humlipa kwa simu. Simu yenyewe ni ndogo, ya vitufe, ile iitwayo "kitochi". Hawezi kwenda nayo majini, basi humwachia binti yake nyumbani pamoja na namba ya siri, ili malipo yakiingia binti atoe fedha za unga na mafuta. Maandishi ya ujumbe ni madogo, naye humwomba wakala amsomee.

Kwa mujibu wa matangazo ya usalama, mama huyu amekosa mara mbili: ametoa namba ya siri, na amempa mtu mwingine simu yake. Hata hivyo, kila alilolifanya lina sababu. Maji ya bamvua hayamsubiri mtu, na watoto hawawezi kungoja chakula mpaka maji yajae.

Mtafiti anayekwenda kwa mama kama huyu asimwulize, "Je, unajali usalama wa mtandao?" Jibu litakuwa "ndiyo", na halitafundisha kitu. Baada ya kumwamkia na kueleza shughuli yake, na aseme: "Mama, naomba unieleze mara ya mwisho ulipotumiwa fedha, tangu simu ilipolia mpaka ulipozishika mkononi." Kisha anyamaze, asikilize. Aulize ni nani mwingine aliyeigusa simu, ni wapi aliingiwa na shaka, na alifanya nini shaka ilipomwingia. Watu hueleza tukio kwa uhakika zaidi kuliko wanavyoeleza tabia zao kwa jumla.

Katika masimulizi ya namna hii mahitaji matatu yaweza kujitokeza:

Kwanza, kumkabidhi mtu simu bila kumkabidhi fedha zote.
Pili, kujua kama ujumbe ni wa kweli bila kutegemea macho ya mtu mwingine.
Tatu, kupata muda wa kutulia kabla fedha hazijaondoka moja kwa moja.

Onyo la "usimpe mtu yeyote namba yako ya siri" halitimizi hata mojawapo. Ni onyo la haki, lakini limeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye simu yake peke yake, anayeona vizuri na asiyekwenda majini.

Tapeli naye ni mtafiti

Msomaji hapana shaka anaufahamu ujumbe maarufu nchini kwetu: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hauna jina la mtumaji wala kiasi cha fedha. Kwa nini basi humnasa mtu mwenye akili timamu? Kwa sababu kati ya watu wengi wanaotumiwa ujumbe huo, wapo ambao wakati ule ule walikuwa wakitaka kumtumia mtu fedha. Pengo lililoachwa na tapeli hujazwa na mpokeaji mwenyewe.

Misimu ya mazao huongeza hatari. Ufuta wa Lindi huuzwa katikati ya mwaka na korosho mwishoni mwa mwaka, kwa minada inayopitia vyama vya ushirika. Baada ya mnada mkulima husubiri habari za malipo yake, na mtu anayesubiri habari ni mwepesi kuiamini ile inayokuja. Tapeli ameyatazama maisha ya watu, akaligundua hitaji, akalitumia kuwadhuru. Haifai mlinzi awe na maarifa machache juu ya watumiaji kuliko mwizi.

Kutoka hitaji hadi sampuli

Kwa hitaji la kwanza, twaweza kubuni namba mbili za siri: moja ya kutazama salio na kutoa kiasi kidogo kilichowekwa na mwenye simu, ya pili ya fedha zilizobaki. Kwa hitaji la pili, twaweza kuunda njia ya kupiga namba fupi na kusikia salio kwa sauti, kwa Kiswahili, kwani ujumbe huweza kughushiwa lakini salio hukaa katika hesabu za kampuni. Kwa hitaji la tatu, fedha zinazotumwa kwa namba mpya zaweza kushikwa kwa muda mfupi, mtumaji akiwa na uwezo wa kuzirudisha.

Hakuna haja ya kuandika programu ili kuyajaribu haya. Chora vioo vya simu katika vipande vya karatasi. Mama aguse kitufe, nawe ubadilishe karatasi. Kwa hitaji la pili, mpe jumbe kumi, tano za kweli na tano za uongo, azitenge. Hesabu makosa ya aina mbili: uongo uliokubaliwa, na ukweli uliokataliwa. Aina ya pili husahaulika, lakini mfumo unaomfanya mtu aogope hata malipo yake halali umemdhuru pia.

Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 hutosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za sampuli. Hata hivyo, watu 5 hawatoshi kutoa asilimia za wilaya nzima. Jaribio dogo hutuonyesha kasoro. Kuenea kwa kasoro hiyo huhitaji uchunguzi mkubwa.

Mipaka na wajibu

Mtafiti asiombe kamwe namba ya siri ya mtu, wala asinakili jumbe zake bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka wajibu juu ya kila anayekusanya habari za watu. Aidha, aliyetapeliwa huona aibu; asihojiwe mbele ya majirani.

Wala usanifu haufuti kazi ya sheria. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeweka namba 15040 ya kupokea taarifa za namba za matapeli, pamoja na *106# ya kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu. Lakini hata huduma hizo zafaa kupimwa kwa swali letu: je, mama aliyetoka miambani, mwenye simu ndogo na macho hafifu, aweza kuzitumia peke yake?

Hitimisho

Tumeona kwamba kanuni inayovunjwa na wengi ni dalili ya hitaji lisilotimizwa. Kwamba hitaji hilo hupatikana kwa kusikiliza matukio. Na kwamba sampuli ya karatasi yatosha kuanzia. Mpiga sarafu wa Kilwa alitia alama katika fedha yenyewe, hakumwachia mchuuzi kazi yote ya kuitambua. Mafundi wa fedha za leo wana wajibu huo huo.

Maswali ya kujadili

1. Taja kanuni moja ya usalama inayovunjwa mara kwa mara nyumbani kwenu. Huvunjwa kwa sababu gani?
2. Andika hitaji lililo nyuma ya uvunjaji huo kwa sentensi moja, bila kutaja chombo chochote.
3. Buni njia tatu za kulitimiza, uchore mojawapo katika karatasi, kisha uijaribu kwa watu 5. Ni wapi walikwama?