Chakula cha nguruwe na kuku: tununue mashini gani?



Tangu feza za nguruwe tuliouza ziingie katika sanduku la kazi ya mikono, kila mtu ana neno lake. Wengi wanasema: «Tununue mashini ya nyundo na moteri yake, basi!» Sisi wa kalasi ya sita tunaochunga zizi hatuchukii mashini ile. Lakini feza hizi hazitoshi kununua mashini na vitu vingine pamoja, tena kuna wenzetu wanaolipiwa masomo kwa nguruwe hawa. Tukikosea sasa, wao njo watakaorudishwa nyumbani. Kwa hiyo mtusikilize kwanza.

Tuanze na hesabu. Zizi letu lina nguruwe 12 na kuku 60 wanaotaga. Nguruwe mmoja anakula karibu kilo 2 za chakula kikavu kwa siku, kuku mmoja karibu gramu 120. Ni kilo 24 kwa nguruwe, kilo 7 na kidogo kwa kuku. Kwa juma moja tunafika karibu kilo 220. Mashini ya nyundo, hata ile ndogo ya kijiji, inamaliza kazi hiyo kwa saa chache tu. Siku zingine zote itakuwa inalala. Na umeme haujafika kilima chetu, maana yake moteri itakunywa mazutu. Nani atalipa mazutu, na mukanda ukikatika, na nyundo zikiisha?

Tena wengi wanasifu mashini ile pasipo kujua inavyofanya kazi. Ndani yake vipande vya chuma vinazunguka kwa mbio sana na kupiga punje mpaka zivunjike na kupita katika matundu ya tamisi. Tamisi njo inayoamua kama unga utakuwa laini ao wa punje-punje. Unga wa bugali unataka matundu ya milimetri 1 ao chini. Nguruwe anatosheka na milimetri 3, kuku 4 ao 5. Wengine wanafikiri unga laini zaidi ni chakula bora zaidi. Hapana! Unaruka kama vumbi, kuku wanauacha, na kwa nguruwe unaweza kuleta vidonda tumboni.

Wenye kupenda hesabu waangalie puli pia. Mizunguko ya moteri mara upana wa puli yake ni sawa na mizunguko ya mashini mara upana wa puli yake. Moteri ikizunguka mara 1500 kwa dakika na puli ya sentimetri 30, mashini yenye puli ya sentimetri 15 itazunguka mara 3000. Anayefunga puli yoyote aliyoiokota atalaumu mashini bure, ao ataivunja.

Sasa tuseme jambo linalotuuma. Muhula uliopita sisi wenyewe tulipeleka soja mbichi kwa kusaga, tukaichanganya na mahindi. Tulijisifu, maana soja ina proteini karibu mara ine kupita mahindi. Nguruwe walikula, lakini hawakunona. Tuliwapima kifuani kwa kamba majuma matatu, fundo likabaki pale pale. Mwalimu wa biyoloji alipouliza kama tuliikaanga, tulitazamana tu. Soja mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kuvunja proteini, na moto njo unaokiharibu. Mashini ya nyundo, hata ya bei gani, haiwezi kufanya kazi hiyo. Pipa linaweza.

Tunasema pipa la litri 200, chuma kipite katikati yake, mkono wa kuzungusha upande mmoja, miguu miwili, na moto chini. Fundi wa kuunga chuma wa Butembo anaweza kulitengeneza. Soja inazungushwa mpaka ganda lipasuke, rangi igeuke kahawia kidogo na harufu itoke. Ikiwa nyeusi mmeipoteza, kwa sababu moto mwingi unaharibu proteini yenyewe. Likipoa, pipa hilo hilo linachanganya chakula, lakini msilijaze kupita nusu. Chumvi ianze kuchanganywa na unga kidogo pembeni, ndipo iingie pipani. Nguruwe akikuta bonge la chumvi na maji hayatoshi, anaweza kufa. Na pipa lililobeba dawa ya mimea tusilipokee hata kwa bure.

Kitu cha pili ni mashini ya visu ya kuzungushwa kwa mkono, ya kukata matembele, matete na viazi. Mashini ya nyundo haitaki vitu vyenye maji. Majani mabichi yanaziba tamisi yake mara moja. Ila visu viwe na kifuniko, vidole vyetu haviuzwi sokoni.

Kwa kusaga, tuendelee kwenda kwa mashini ya barabarani mara moja kwa juma, na chukudu mbili. (Kushuka ni rahisi, kupanda, wale wa kalasi ya tatu wanajua.) Lakini tununue tamisi yetu wenyewe ya milimetri 3, ya kipimo cha mashini ile, tuombe mwenyewe aifunge tukifika. Hiyo itatufaa kwa nguruwe na kuku pia. Mahindi yaliyoota kuvu yasiende pale. Kusaga hakuondoi sumu ya kuvu, na kukaanga vilevile hakutuponyeshi. Chakula kilichosagwa kinaharibika mbio kuliko punje, kwa hiyo tusisage cha mwezi mzima.

Tutakutana Jumamosi mbele ya zizi, baada ya kazi ya mikono. Anayetaka mashini ya moteri alete hesabu yake ya mazutu na ya piesi, imeandikwa. Sisi tutaleta bei ya pipa, ya visu na ya tamisi, pamoja na ile kamba yenye fundo.