Kufukuzwa kwa Wafanyakazi Wageni: Siasa Iliyo Nyuma ya Amri

Katika miji ya mpakani kama Busia na Malaba, mgeni si mtu wa mbali. Ndiye apakiaye malori, alimaye shamba la jirani na auzaye samaki sokoni. Uvumi unapoenea kwamba wageni wataondolewa, hofu huingia nyumba za pande zote mbili za mpaka. Katika somo hili tunachunguza jinsi amri za namna hiyo zinavyozaliwa, na ni nani hulipa gharama yake.

Ghana, 1969

Waziri Mkuu Kofi Busia, ambaye jina lake halihusiani na mji wetu, alishika madaraka baada ya uchaguzi wa Agosti 1969. Alirithi madeni makubwa na vijana wengi wasio na kazi. Tarehe 18 Novemba, serikali yake iliwapa wageni wasio na vibali vya ukaazi majuma mawili wavipate au waondoke. Wakatoka wachuuzi wa Nigeria, na vibarua wa Togo, Niger na Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso. Mashamba ya kakao, tegemeo kuu la fedha za kigeni, yakapungukiwa na watu wa kuyahudumia. Uchumi haukupona, na Januari 1972 wanajeshi waliipindua serikali hiyo.

Nigeria, 1983

Katika miaka ya 1970 mafuta yaliitajirisha Nigeria, na Waghana wengi, walimu, mafundi na vibarua, wakaifuata kazi huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ya mafuta ilishuka na ajira zikapungua. Tarehe 17 Januari 1983, mwaka wa uchaguzi, serikali ya Rais Shehu Shagari iliwaamuru wageni wasio na vibali waondoke kabla ya mwezi kwisha. Wenye ujuzi waliongezewa mwezi mmoja. Inakadiriwa kwamba amri hiyo iliwagusa watu wapatao milioni 2, zaidi ya nusu yao wakiwa Waghana. Kwa kuwa Ghana ilikuwa imefunga mpaka wake na Togo, maelfu walikwama njiani hadi ulipofunguliwa. Shagari alishinda uchaguzi wa Agosti, lakini tarehe 31 Desemba alipinduliwa. Wageni walikuwa wameondoka, shida ilibaki.

Kwetu Uganda

Nasi tunayo historia hiyo. Mwaka 1970 serikali ya Rais Milton Obote iliwaondoa maelfu ya wafanyakazi Wakenya. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waihame nchi.

Funzo

Mfuatano ni uleule: uchumi hudhoofika, wananchi hudai majibu, na kiongozi humwonyesha mgeni kuwa ndiye chanzo. Mgeni hapigi kura, hivyo kumlaumu hakumgharimu mwanasiasa chochote. Gharama humwangukia mwenye nyumba aliyepoteza mpangaji, mkulima aliyekosa kibarua, na mtoto aliyeachishwa shule.

Nchi inayo haki ya kumwondoa mgeni aliyevunja sheria, kila mmoja kwa kosa lake na kwa uamuzi wa kisheria. Lakini Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, unakataza katika ibara ya 12 kuwafukuza wageni kwa halaiki kwa sababu ya taifa, rangi, kabila au dini yao.

Wajibu wetu sote

Kukagua vibali ni kazi ya maofisa wa uhamiaji, si ya kundi la vijana mtaani. Kumpiga au kumwibia mgeni ni jinai, hata kama hana karatasi. Mwajiri asimtishie kibarua kumfukuzisha nchini ili asimlipe ujira wake. Aliyetendewa hivyo afike kituo cha polisi kilicho karibu. Nanyi wageni, tunzeni hati zenu na kuzihuisha kabla ya muda wake kwisha. Usikiapo uvumi wa kufukuzwa watu, uulize kwetu kabla ya kuusambaza.

Maswali ya kujadili barazani

1. Ni kazi zipi mtaani kwetu zingesimama iwapo majirani wa ng'ambo wangeondoka kesho?
2. Ni ndugu zetu wangapi wanaofanya kazi upande wa pili, nasi tungependa watendewe vipi?