“Huyu kafanana na baba yake kabisa!”

Mama muuza dagaa sokoni Katoro akitoa sifa hiyo, mzazi aliyeasili mtoto asianze kusimulia habari yote mbele ya wateja. “Asante, mama,” yatosha.

Kliniki ni tofauti. Muuguzi akiuliza ujauzito ulikwendaje, aambiwe ukweli, kwa sauti ya chini. Historia ya kubuni inaweza kupotosha matibabu.

Kisha kuna mtoto mwenyewe, anayetangaza mbele ya wageni: “Mimi sikutoka tumboni kwa mama, nilichaguliwa!” Ghafla kila mgeni anachungulia kikombe chake cha chai. Mzazi acheke na kupitisha sahani ya maandazi. Aibu hiyo ni ya wakubwa, si ya mtoto. Ila mtoto aambiwe ukweli huo mapema, nyumbani, kabla shangazi asiye na breki mdomoni hajamwambia.

Kwa wanaofikiria kuasili: chini ya Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu, na mwombaji asiye ndugu awe na angalau miaka 25, tena amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu.