SOMO LA KOMPYUTA: "NIMEPOKEA" SI "NIMEANDIKA"

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Katika somo hili tutaeleza kwa nini kazi iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye kompyuta huweza kupotea umeme unapokatika, na namna ya kuikinga.

Tuchukue mfano wa madrasa hapa Bweranyange yenye kompyuta mbili na seva moja, yaani kompyuta yenye diski inayotumiwa na wote kupitia waya wa mtandao. Mshika fedha anaandika ada ya mtoto, anabonyeza "hifadhi", na skrini inaonyesha kuwa kazi imekwisha. Je, imekwisha kweli?

Si lazima. Kuandika kwenye diski huchukua muda. Kwa hiyo kompyuta huyaweka maandishi kwanza katika kumbukumbu ya muda, iitwayo kashe, kisha huyapeleka kwenye diski baadaye. Katika mfumo wa Linux, kwa mpangilio wa kawaida, yanaweza kungoja kama sekunde 30. Na kashe hiyo huishi kwa umeme tu.

Penye mtandao kashe huwa mbili: ya kompyuta inayotuma na ya seva. Utaratibu wa NFS, ulioanzishwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani katika miaka ya 1980, ulitaka katika toleo la 2 kwamba seva iandike kwenye diski ndipo ijibu. Ni salama, lakini polepole. Toleo la 3, la mwaka 1995, liliruhusu seva kujibu mapema, kwa sharti kwamba mtumaji ashike nakala yake mpaka seva ithibitishe kuwa imeandika. Seva ikizimika kabla ya hapo, mtumaji hutuma tena.

Hatari kubwa huja fundi anapochagua mpangilio uitwao "async" ili seva iende mbio. Hapo seva husema "nimeandika" kabla ya kuandika. Mtumaji huamini na kuifuta nakala yake. Umeme ukikatika, hakuna aliyebaki na kitu.

Ndugu zetu, Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamrisha kuandika deni la muda na kuweka mashahidi. Mzazi aliyelipa ada akidaiwa tena kwa kuwa kumbukumbu haipo, amedhulumiwa, hata kama hakuna aliyekusudia. Basi tufanye haya:

1. Seva iwekwe katika mpangilio wa "sync".
2. Seva iwe na betri ya akiba, ipate muda wa kuzimwa vizuri.
3. Flashi isichomolewe kabla ya kompyuta kuruhusu.
4. Nakala nyingine iwekwe mahali pengine, na stakabadhi ya karatasi isiachwe.

MASWALI
1. Kashe ni nini?
2. Kwa nini mtumaji hatakiwi kufuta nakala yake mapema?

Wabillahi tawfiq.