Kuficha Hisia Siyo Usafi wa Moyo



Wengine mmeiona Thelma, filamu ya Norwei ya mwaka 2017 iliyoongozwa na Joachim Trier. Binti amelelewa katika dini ya vitisho: alipokuwa mdogo, baba yake alimshikia mkono juu ya mshumaa ili ajue moto wa jehanamu. Akiwa chuo kikuu Oslo, anampenda msichana mwenzake, Anja. Anaogopa, anasali hisia zimtoke. Kumbe ana nguvu za ajabu, na anayetoweka ni Anja! Mwishoni baba naye anateketea kwa moto.

Sasa, tujifunze nini? Katekisimu (1767) inafundisha kwamba hisia zenyewe si njema wala si mbaya. Swali ni tunaamua kufanya nini nazo. Na usafi (2337) ni mwili na roho kuwa kitu kimoja, siyo kujifungia kwa hofu.

Kijana, una jambo huwezi kumwambia mtu? Mwambie Yesu kama lilivyo. Analijua tayari, na hajakukataa. Kisha mtafute padre au mlezi unayemwamini.

Tafakari: leo, katika sala, ninamficha Mungu nini?