Kikwapa Nyanda za Ufipa: Kati ya Kopo la Dukani na Ndimu ya Nyumbani

Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, yapata mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Miezi ya Juni na Julai baridi ya asubuhi huuma, na watu hutoka nyumbani wamevaa shati, sweta na jaketi. Kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba kikwapa ni shida ya watu wa joto, wa Kasanga kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika au wa Bonde la Rukwa, na kwamba mtu wa huku juu anayenuka kwapa ama ni mchafu, ama ana ugonjwa anaouficha. Imani zote mbili hazina msingi, na ya pili hudhuru. Mwanafunzi aliyechekwa darasani huacha kuinua mkono kujibu swali. Mgonjwa aliyekunjiwa uso na mhudumu wakati wa kuwekewa kipimajoto kwapani huenda asirudi kliniki tena.

Jasho jipya halinuki. Ngozi ina tezi za jasho za aina mbili kuu. Tezi za ekrini, zilizoenea karibu mwili mzima, hutoa maji na chumvi ili kupoza mwili. Tezi za apokrini, ambazo ziko kwapani, sehemu za siri na kuzunguka chuchu, hutoa majimaji mazito yenye mafuta na protini, nazo huanza kazi wakati wa balehe. Ndiyo maana mtoto wa miaka 6 hucheza juani kutwa bila kikwapa, na dada yake wa miaka 13 hunuka siku ambayo hata hajatoka ndani. Harufu huzaliwa pale bakteria wa ngozi, hasa wa jamii za Corynebacterium na Staphylococcus, wanapoyavunjavunja majimaji hayo. Tena tezi za apokrini huamshwa zaidi na hofu, aibu na haraka kuliko jua. Baridi ya Ufipa haizizimi; chini ya sweta kwapa hubaki na joto na unyevu, na bakteria hawahitaji zaidi ya hapo.

Urithi nao una sehemu yake. Katika watu wa Japani, Korea na China, walio wengi wamerithi umbo la jeni iitwayo ABCC11 linalopunguza sana harufu ya kwapa. Waafrika karibu wote wana umbo la kawaida, lenye harufu. Mwenye kikwapa, basi, hana kasoro ya malezi.

Ugumu wa kweli huku juu ni maji na nguo. Kuoga mwili mzima kwa maji ya moto kila siku ni kuni na mkaa, na si kila kaya inaweza. Lakini kikwapa hakidai mwili mzima. Lita moja ya maji ya vuguvugu, kipande cha sabuni na kitambaa safi vyatosha kuosha kwapa, kinena na miguu asubuhi, mradi sabuni isuuzwe yote na ngozi ikaushwe kabla ya kuvaa. Kunyoa au kupunguza nywele za kwapa husaidia pia, kwa wembe wa mtu mwenyewe, usioazimwa.

Sweta ni mkosaji asiyeshukiwa. Hufuliwa kwa nadra kwa kuwa halikauki upesi, na harufu ya wiki nzima hukaa ndani yake. Mtu akioga vizuri kisha akalivaa, amerudi alikotoka. Utafiti wa Ubelgiji uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa fulana za poliesta zilinuka zaidi ya za pamba baada ya mazoezi, na masweta mengi ya mitumba ni ya nyuzi za viwandani. Fulana ya pamba ivaliwe ndani na kufuliwa kila siku. Sweta ligeuzwe ndani nje na kuanikwa juani, na sehemu ya kwapa ifuliwe peke yake katikati ya wiki.

Baada ya hayo ndipo duka lifikiriwe. Bidhaa za kwapani ni za namna mbili, na wauzaji huzichanganya. Kiondoa harufu hupunguza bakteria na kuleta manukato, lakini jasho huendelea kutoka. Kizuia jasho huziba kwa muda vinywa vya tezi kwa chumvi za alumini; hutambulika kwa neno aluminium katika orodha ya viambato. Hufanya kazi vizuri zaidi kikipakwa usiku juu ya kwapa kavu, wakati jasho ni dogo, kuliko asubuhi mtu anapokimbilia basi. Tafiti zilizofanywa kwa wanadamu hazijathibitisha kwamba huleta saratani ya matiti. Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo amwulize daktari kwanza. Kisipakwe mara baada ya kunyoa. Krimu za kung'arisha ngozi zisipakwe kwapani kamwe. Nyingi huwa na steroidi, ambayo huchuna ngozi laini na kuacha michirizi isiyofutika.

Kati ya dawa za nyumbani, shabu, lile jiwe jeupe la vinyozi, ndiyo yenye hoja: nayo ni chumvi ya alumini, ikiloweshwa na kupakwa hupunguza bakteria. Anayeikimbia alumini ya kopo na kushika shabu hajaikimbia. Ndimu huua baadhi ya bakteria kwa ukali wake, lakini pH yake ni kama 2 hali ya ngozi ni kama 5. Huchoma penye mkwaruzo, na maji yake yakipigwa na jua juu ya ngozi huweza kuleta malengelenge na mabaka meusi. Magadi ya kulainishia maharage si sawa na soda ya kuokea mikate. Ni makali zaidi sana, na majivu vilevile. Vyote viwili viachwe jikoni.

Mhudumu wa afya ana kazi moja zaidi, ya kutofautisha kikwapa na harufu inayotoka kwingine. Majipu yanayojirudia kwapani na kuacha makovu ni ugonjwa wa ngozi unaohitaji tiba. Jasho la usiku linalolowesha shuka, pamoja na kikohozi au kukonda, ni sababu ya kupima kifua kikuu, na kipimo hicho hutolewa bila malipo. Mwanamke anayenuka mkojo daima baada ya uchungu wa muda mrefu huenda ana fistula, ambayo hutibika kwa upasuaji. Wengi hujifukiza na kujipaka manukato miaka mingi bila kuulizwa swali hilo hata mara moja. Pumzi yenye harufu tamu kama ya matunda yaliyoiva mno, kwa mtu mwenye kiu, anayekojoa sana na kutapika, ni dharura ya kisukari. Apimwe sukari papo hapo kwa tone la damu, kabla ya kuandikiwa dawa nyingine yoyote.