Umelipa, Mzigo Haujafika: Haki Zako na Hatua za Kuchukua

Tuseme unauza juisi na maji baridi Watamu. Umeona friji ndogo kwenye ukurasa wa Facebook wa duka moja la Nairobi: shilingi 14,500, pamoja na usafiri hadi Malindi. Zamu yako ya chama imefika, ukalipa kwa simu. Muuzaji akakwambia, "Kesho kutwa utaipokea kwa basi." Kesho kutwa imepita. Wiki imepita. Ukipiga simu inaita tu, na ujumbe wako wa WhatsApp umebaki na tiki moja. Sasa utafanyaje?

Somo la leo ni la mteja aliye katika hali hiyo, awe Malindi, Mambrui, Gede, Kilifi au Mtwapa.

Pesa iliyokosea njia si sawa na oda iliyokwama

Wengi wetu jambo la kwanza tunalowaza ni kurudisha muamala. Hapa tuelewane vizuri. Huduma ya kurudisha muamala imewekwa kwa ajili ya makosa, yaani ulitaka kumtumia mama pesa ya matumizi, ukakosea tarakimu moja, ikaenda kwa mtu usiyemjua. Kwa M-PESA, unasambaza ule ujumbe wa muamala kwenda 456, na unafanya hivyo mapema kabla pesa haijatolewa.

Malipo ya friji si kosa la namba. Pesa ilikwenda pale pale ulipotaka iende. Ugomvi wako ni na muuzaji, kwa sababu hakutimiza ahadi. Ndiyo maana kampuni ya malipo haiwezi kuchukua pesa kwake kwa neno lako peke yake, kama vile ambavyo haiwezi kuchukua yako kwa neno lake. Na tafadhali usidanganye kwamba ulikosea namba. Mzigo ukiwa njiani kweli, wewe ndiwe utakayeonekana tapeli.

Lakini hiyo haina maana kwamba huna haki. Unazo, na zimeandikwa.

Sheria inasema nini

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaostahili, kupewa habari anazohitaji, na kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Bunge likatunga Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, ambayo inagusa pia makubaliano yanayofanywa kupitia intaneti. Mambo matatu ya kushika ni haya:

- Muuzaji akipitisha siku 30 baada ya tarehe aliyoahidi kuleta mzigo, na mzigo bado haujafika, unaweza kuvunja makubaliano na kudai pesa yako. Kama hamkupanga tarehe, siku 30 huhesabiwa tangu mlipokubaliana. Ila ukishakubali kupokea mzigo baada ya muda huo, huwezi tena kuvunja makubaliano kwa sababu ya kuchelewa.
- Haki ulizopewa na sheria hii haziondolewi na maneno ya muuzaji. Hata akiandika kwenye ukurasa wake "pesa ikilipwa hairudishwi", maandishi hayo hayafuti sheria.
- Pale maneno ya makubaliano yanapokuwa na utata, yanafasiriwa kwa faida ya mtumiaji.

Zingatia kwamba siku 30 ni za kuvunja makubaliano. Si siku za kukaa kimya. Kuuliza na kudai kwa maandishi unaanza siku ile ile ahadi ilipovunjika.

"Mimi nilishauweka kwa basi"

Neno hili sisi wa Pwani tunalijua sana, kwa sababu mizigo yetu mingi hutoka Nairobi au Mombasa kwa basi na matatu. Ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hivyo soma polepole.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema kwamba muuzaji aliyeruhusiwa kutuma mzigo akiukabidhi kwa msafirishaji, kwa kawaida huchukuliwa kwamba amekukabidhi wewe. Maana yake, ukipotea njiani, anaweza kukwambia uufuate huko kwa basi.

Lakini sheria hiyo hiyo inamdai muuzaji apange usafirishaji kwa njia ya busara, kulingana na aina ya mzigo. Kama friji yako alimpa utingo bila risiti wala jina la mpokeaji, kisha ikapotea, una haki ya kukataa kwamba umekabidhiwa.

Dawa yake ni kukubaliana mapema. Kabla ya kulipa, mwandikie: "Mzigo utakuwa juu yako mpaka nitakapoupokea mkononi Malindi." Akijibu "sawa", hiyo "sawa" itakufaa kesho. Na akisema ameshatuma, mwombe picha ya risiti ya mzigo yenye namba, jina la kampuni ya basi na tarehe. Aliyetuma kweli anayo.

Hatua kwa hatua

1. Kusanya ushahidi leo, si kesho. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hifadhi ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala, jina lililotokea ulipolipa, na namba ya tili au ya simu. Piga picha za skrini za tangazo, bei na mazungumzo yote. Kurasa hufutwa usiku mmoja.

2. Andika dai lenye tarehe. Simu pekee haitoshi kwa sababu haiachi alama. Unaweza kutumia maneno haya:

"Habari. Tarehe 3 nililipa shilingi 14,500 kwa friji, ukaahidi itafika Malindi tarehe 5. Mpaka leo sijaipokea. Naomba namba ya risiti ya mzigo leo. Kama haipo, naomba unirudishie pesa yangu yote kwa namba hii kabla ya tarehe 15. Nimehifadhi mazungumzo yetu na ujumbe wa malipo."

Usitukane wala usitishe. Ujumbe huu huenda ukasomwa na hakimu.

3. Tumia mlango wa soko ulikonunua. Masoko makubwa ya mtandaoni kama Jumia na Kilimall yana utaratibu wao wa malalamiko na kurudisha pesa. Fungua lalamiko ndani ya programu yao, na usikubali kuhamishiwa WhatsApp na muuzaji.

4. Kama ni utapeli, kimbia. Ukurasa umefutwa, umezuiwa, au jina lililotokea kwenye malipo si la duka: piga huduma kwa wateja ya kampuni yako ya malipo mara moja, halafu nenda kituo cha polisi upate namba ya OB. Kampuni haiwezi kukupa wewe kitambulisho cha mwenye namba, lakini polisi na mahakama wanaweza kukiomba kwa njia ya sheria.

5. Kama ni duka halisi linalokuzungusha, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia pia wauzaji wanaopotosha wateja. Pia kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na kesi inatakiwa kukamilika ndani ya siku 60. Uliza utaratibu katika mahakama iliyo karibu nawe.

Usiongeze hasara juu ya hasara

Mara nyingi, baada ya kimya, simu huita: "Mzigo wako umefika, tuma 1,200 za kuutoa." Usitume. Nenda mwenyewe ofisi ya basi na namba ya risiti, kama unayo. Na yeyote anayejiita wa huduma kwa wateja akakuomba namba yako ya siri ili "akurudishie pesa", ni mwizi. Hakuna malipo yanayorudishwa kwa namba yako ya siri.

Jipime

- Umelipa namba sahihi, mzigo umechelewa siku tatu. Je, unaomba kurudishiwa muamala au unaandika dai? (Unaandika dai.)
- Muuzaji anasema "nilishatuma". Unaomba nini? (Risiti ya mzigo yenye namba.)
- Umeahidiwa tarehe 5 Juni. Ni lini unaweza kuvunja makubaliano kwa kuchelewa? (Baada ya tarehe 5 Julai.)

Oda ijayo, kama duka hulijui, omba ulipe mzigo ukiwa mbele yako. Ikibidi kulipa kwanza, lipa kwa tili au Paybill ya biashara badala ya namba ya mtu binafsi, na usome jina linalotokea kabla ya kubonyeza kukubali. Friji ya 14,500 ni zamu nzima ya chama, na dakika moja ya kusoma jina haikugharimu kitu.